Makaburi Yakijaa, Nani Atayafyeka? Mwongozo kwa Kamati za Makaburi ya Jumuiya

Kamati nyingi za makaburi huzaliwa msibani. Watu wakishamaliza kuzika, mmoja anasimama na kusema makaburi yamekuwa pori, uzio umelala na majina hayasomeki. Papo hapo anachaguliwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina, michango inapitishwa, na kila mtu anarudi nyumbani akiamini jambo limepata wenyewe. Mwaka ukipita, nyasi zimerudi palepale, fedha hazijulikani ziliko, na waliochaguliwa wanaona haya kuulizwa.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyekabidhiwa kazi hiyo: mjumbe wa kamati ya makaburi ya mtaa, kijiji, usharika, msikiti au jumuiya yoyote inayozika watu wake bila kutafuta faida. Mifano mingi humu ni ya Tanzania, na pale Kenya inapotofautiana nimetaja. Ukisahau mengine yote, shika hili: kaburi hulipiwa mara moja, lakini hutunzwa miaka yote. Kamati inayolipia fyeko la leo kwa fedha ya maziko ya leo itakwenda vizuri hadi siku kaburi la mwisho litakapochimbwa. Kuanzia kesho yake haina mapato, na kazi iko vilevile.

Jambo hili limewakuta hata wenye uwezo. Makaburi ya Highgate jijini London, alikozikwa Karl Marx mwaka 1883, yalifunguliwa mwaka 1839 na kampuni iliyokuwa ikiuza nafasi za kuzikia. Nafasi zilipokaribia kwisha, mapato yalikauka, na makaburi yaliyokuwa fahari ya jiji yakamezwa na vichaka. Mwaka 1975 ilibidi wananchi waunde jumuiya ya marafiki wa makaburi hayo ili kuyaokoa.

Sasa tazama makaburi ya wanajeshi wa vita jijini Dar es Salaam, kando ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Maziko ya vita yalikoma zamani, wala hakuna mfiwa anayetoa mchango. Hata hivyo nyasi zimekatwa na majina yanasomeka. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917, hugawa gharama kwa serikali wanachama kulingana na idadi ya makaburi ya askari wa kila nchi. Yupo aliyeahidi kwa maandishi kulipa hata baada ya maziko kwisha. Ahadi ya namna hiyo ndiyo kamati yako inapaswa kuijenga, kwa kiwango cha uwezo wenu.

1. Hakikisheni ardhi ni ya jumuiya

Fedha haiwezi kutunzwa juu ya ardhi yenye mgogoro. Swali la kwanza la kamati mpya liwe: hati ya eneo hili ina jina la nani? Mara nyingi jibu ni la kutisha. Eneo lilitolewa na mzee mmoja kwa maneno ya mdomo, mzee amefariki, na watoto wake wanaona ekari ya baba imekaa mahali ambapo sasa pana thamani. Au hati ipo, lakini ina jina la mwenyekiti wa zamani.

Ardhi iandikwe kwa jina la wadhamini waliosajiliwa. Tanzania Bara, bodi ya wadhamini husajiliwa na RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, chini ya Sheria ya Muunganisho wa Wadhamini, Sura ya 318. Faida yake ni kwamba bodi iliyosajiliwa haifi: mdhamini mmoja akifariki au akihama, mali inabaki mahali pake. Ila kila mabadiliko ya wadhamini lazima yapelekwe RITA. Bodi ambayo wadhamini wake wengi wamekwishafariki haitaweza hata kufungua akaunti ya benki.

Kama eneo ni wakfu, liandikiwe hati ya wakfu, kwa kuwa mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Zanzibar kuna Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana inayosimamia mambo hayo. Kenya kuna Tume ya Wakfu. Kama aliyetoa ardhi bado yu hai, msione haya kumwomba asaini leo, mbele ya wanawe na mashahidi. Ni heshima kwake kwamba sadaka yake haitazaa ugomvi. Kijijini, eneo lipitishwe na serikali ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, na liingie kwenye mpango wa matumizi bora ya ardhi. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imeweka makaburi chini ya serikali za kaunti, kwa hiyo mlio Kenya mtafika huko.

Kumbukeni pia kwamba hata hati safi haizuii barabara kupita. Mwaka 1968 makaburi 660 ya Vita vya Kwanza vya Dunia yaliondolewa Ocean Road, Dar es Salaam, ili kupisha ujenzi wa barabara, na mwaka uliofuata nchi ikatunga Sheria ya Kuhamisha Makaburi, inayoruhusu kuhamisha makaburi pale ardhi inapohitajika kwa manufaa ya umma. Siku hiyo ikifika kwenu, kitakachowasaidia ni kumbukumbu kamili za nani kalala wapi na jamaa zake ni akina nani.

Kama bado mnatafuta eneo, msinunue kwa macho. Baada ya makaburi ya Lang'ata kutangazwa kuwa yamejaa mwaka 1996, Halmashauri ya Jiji la Nairobi ilikuja kununua ekari 120 huko Mavoko kwa shilingi za Kenya milioni 283. Ikabainika ardhi ni ya miamba na haifai kuchimba makaburi, na suala likaishia mahakamani. Nyinyi mna kipimo kisicho na gharama. Wakati wa masika, chimbeni mashimo matatu ya futi sita: moja sehemu ya juu, moja katikati, moja bondeni. Yaacheni usiku kucha. Asubuhi mkikuta maji chini, au kama sururu iligonga mwamba kabla ya futi nne, hapo hapafai. Kisha mwiteni afisa afya wa mazingira wa halmashauri atazame umbali wa visima na mito kabla hamjatoa hata shilingi moja.

2. Gawanyeni madaraka kabla ya kugawana vyeo

Makaburi madogo yanahitaji ngazi tatu, na kila moja ijue mpaka wake.

Wadhamini wanashika mali: hati ya ardhi na mfuko wa kudumu wa matunzo. Hawaendeshi shughuli za kila siku. Watu watano wanatosha. Wawe wenye heshima katika jamii na wasitoke ukoo mmoja.

Kamati ya utendaji inaendesha: inasimamia uchimbaji, usafi, mlinzi, daftari na makusanyo. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wajumbe wanne au watano wanatosha. Miongoni mwao wawepo kina mama na vijana. Kina mama ndio mara nyingi wanaojua familia ipi imekwama, na vijana ndio wachimbaji.

Mkutano mkuu wa wanachama ndio wenye kauli ya mwisho. Huo ndio unaochagua kamati, unaopitisha viwango vya michango na unaopokea hesabu.

Yaandikeni haya katika katiba fupi. Kipindi cha uongozi kiwe miaka mitatu, na mtu asizidi vipindi viwili mfululizo katika cheo kimoja. Akidi iandikwe kwa idadi inayowezekana. Mkisema nusu ya wanachama wote, hamtafanya mkutano halali hata mmoja. Katiba iseme pia mali itakwenda wapi jumuiya ikivunjika, na iseme waziwazi kwamba haitagawanywa kwa wanachama.

Kipengele kinachosahaulika ni mgongano wa masilahi. Katika jamii ndogo, mpwa wa mwenyekiti ndiye fundi wa kujengea makaburi, na mweka hazina ndiye mwenye duka la saruji. Si dhambi jumuiya kununua kwao, alimradi utaratibu ufuatwe: mhusika atamke uhusiano wake, atoke nje wakati wa kuamua, bei ilinganishwe na ya mwingine, na yote yaandikwe kwenye muhtasari. Wajumbe wasilipwe posho kwa kuhudhuria vikao. Nauli ya aliyetumwa benki au halmashauri irudishwe kwa stakabadhi.

3. Hesabuni nafasi iliyobaki

Kabla ya kupanga mchango, mjue siku ya kujaa. Chukueni ekari moja, yaani mita za mraba 4,047. Njia, miti, sehemu ya kuswalia au ibada, kibanda cha vifaa na ukingo wa uzio vitachukua kama asilimia 35. Zinabaki mita za mraba takriban 2,630. Kaburi moja pamoja na nafasi ya kupita kandokando likichukua mita mbili na nusu kwa moja na nusu, ni mita za mraba 3.75. Gawanyeni: mtapata makaburi 700 hivi.

Mkizika watu 60 kwa mwaka, ekari hiyo itajaa katika miaka isiyofika 12. Mtoto anayeanza darasa la kwanza leo hatakuwa amefika chuo kikuu. Fanyeni hesabu hii kwa vipimo vyenu, muirudie kila Januari, na jibu lisomwe kwenye mkutano mkuu. Idadi ya nafasi zilizobaki ni habari ya fedha kama ilivyo salio la benki.

Nafasi huliwa na mambo mawili. La kwanza ni majengo: familia moja ikijengea kaburi kwa vigae na kuweka ukuta na bustani, imekula nafasi za watu watatu. La pili ni kujiwekea nafasi. Mtu anaomba sehemu karibu na baba yake, mwingine anataka safu nzima ya ukoo, na kamati inakubali kwa aibu. Wekeni kanuni moja inayowabana wote, wajumbe wa kamati wakiwa wa kwanza. Mnaweza kusema, kwa mfano, kwamba maziko hufuata safu, hakuna kuhifadhi nafasi isipokuwa moja ya mume au mke, na ujenzi hauzidi kipimo kilichoandikwa.

4. Tafuteni mchango wa kweli

Hapa ndipo kamati nyingi huponzwa na huruma. Wanaangalia jirani anatoza kiasi gani, wanapunguza kidogo, wanaridhika. Fanyeni hesabu yenu wenyewe. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia tu; wekeni za kwenu.

Tuseme matunzo ya mwaka ni hivi: mlinzi ambaye pia anafyeka kila siku, shilingi 200,000 kwa mwezi, sawa na 2,400,000 kwa mwaka. Vibarua wa kufyeka eneo zima baada ya masika na baada ya vuli, 600,000. Maji, ukarabati wa uzio, vifaa na nauli, 600,000. Jumla 3,600,000.

Gharama hii haikomi makaburi yakijaa. Ili iendelee kulipwa milele, unatakiwa mfuko ambao mnaweza kuchota humo shilingi 4 katika kila 100 kwa mwaka, huku faida inayozidi hapo ikibaki ndani kuukinga dhidi ya mfumuko wa bei. Kwa maneno mengine, mfuko uwe mara 25 ya gharama ya mwaka. Mara 25 ya 3,600,000 ni shilingi 90,000,000. Gawanyeni kwa makaburi 700: kila kaburi linapaswa kuacha karibu 130,000 kwenye mfuko wa kudumu.

Ongezeni uchimbaji, tuseme 80,000, ambayo inakwenda yote kwa wachimbaji. Je, matunzo ya sasa, ile 3,600,000 ya kila mwaka, yalipwe na nani? Msiwabebeshe wafiwa. Kaya 300 zikitoa shilingi 1,000 kila mwezi, kwa mwaka zinaleta 3,600,000 kamili. Hivyo walio hai wanalipia usafi wa leo, na kila maziko yanachangia 210,000: 80,000 ya kuchimba na 130,000 ya kesho.

Katika jimbo la New York, Marekani, sheria inayataka makaburi yasiyo ya faida kutenga angalau asilimia 10 ya mauzo ya nafasi kwa ajili ya matunzo ya kudumu. Kiwango hicho kinaweza kufaa mahali ambapo nafasi ni ghali. Kwetu, ambako mchango ni mdogo, asilimia 10 ya 210,000 ni shilingi 21,000, na kwa fedha hiyo mfuko hautakaribia lengo hata makaburi yote 700 yakijaa. Msiazime asilimia za watu. Pigeni hesabu kuanzia gharama zenu.

Kwa wakfu, kaburi lisiuzwe wala lisiitwe kiwanja. Kinachotolewa ni mchango wa kuchimba na kutunza, na maziko yasicheleweshwe kwa sababu ya deni. Hii iwe kanuni ya dini zote: maiti hazuiwi getini. Mfiwa asiye na uwezo asamehewe, lakini msamaha uandikwe na upate mlipaji. Kati ya maziko 60, kama 10 yamesamehewa mchango wa mfuko, pengo ni 1,300,000. Liwe na chanzo chake, kama kikapu cha Ijumaa au sadaka maalumu ya Jumapili. Kusamehe ni wema. Kusamehe bila kuandika kunafungua mlango ambao siku moja atapitia mwenye uwezo, kwa sababu anafahamiana na katibu.

5. Tenganisheni mifuko

Fungueni akaunti mbili. Ya kwanza ni ya uendeshaji: humo huingia michango ya kaya na malipo ya kuchimba, na humo hutoka mishahara, vibarua na vifaa. Ya pili ni ya mfuko wa kudumu: humo huingia ile 130,000 ya kila kaburi pamoja na wasia na sadaka kubwa, na mtaji wake hauguswi. Kwenye akaunti hii ya pili, wadhamini ndio wasaini, wala si kamati.

Kila akaunti iwe na watia saini watatu, na malipo yatoke kwa saini mbili. Wasitoke nyumba moja. Fedha taslimu ya mkononi iwe na ukomo, tuseme 100,000, na kinachozidi kipelekwe benki ndani ya siku mbili za kazi.

Misiba haingoji saa za benki. Mtu anafariki usiku, familia inaleta fedha saa nne usiku, na mweka hazina anapokea kwenye simu yake. Hata awe mwaminifu kiasi gani, fedha ya jumuiya imechanganyika na ya watoto wake. Chukueni lipa namba iliyosajiliwa kwa jina la jumuiya, muibandike kwenye geti la makaburi na kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Atakayeleta taslimu apewe stakabadhi yenye namba, palepale, hata kama analia na anasema hana haja nayo. Atakuja kuihitaji.

Wachimbaji nao walipwe kwa hati ya malipo: jina, namba ya kaburi, kiasi, tarehe, saini au dole gumba. Vijana hawa ndio wanaosimama kwenye tope saa kumi na moja alfajiri. Kuwalipa siku ileile, kiasi kilichotangazwa, kunazuia tabia ya kumdai mfiwa "ya soda" pembeni ya shimo.

6. Daftari ndilo mkaguzi wenu wa kwanza

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Makaburini linapotea jina la mtu pia. Nunueni daftari gumu lenye kurasa zilizochapishwa namba, na kila maziko yachukue mstari mmoja wenye safu hizi: namba ya kaburi, jina kamili la marehemu, jinsi, tarehe ya kufariki, tarehe ya kuzikwa, namba ya kibali cha mazishi, jina la ndugu wa karibu na simu yake, namba ya stakabadhi, na saini ya aliyesimamia. Namba hiyohiyo iandikwe kwenye kibao kidogo cha zege kichwani mwa kaburi na kwenye ramani ya eneo. Msitegemee misalaba na mabango ya chuma. Wezi wa vyuma chakavu huyang'oa usiku.

Kila mwisho wa mwezi piga picha kurasa mpya na umtumie mtu wa pili azihifadhi. Moto, mchwa na mafuriko havichagui daftari.

Uzuri wa daftari hili ni kwamba linakagua fedha lenyewe. Fedha ya kanisa au msikiti ni vigumu kujua ilipaswa kuwa kiasi gani, kwa kuwa sadaka haina kipimo. Makaburi yana kipimo: yanahesabika kwa macho. Mwezi wa Mei daftari lina maziko matano, kaburi namba 210 hadi 214. Matano mara 130,000 ni 650,000. Taarifa ya benki ya mfuko wa kudumu inaonyesha 520,000. Unarudi kwenye daftari kwa kidole, mstari kwa mstari: 210 ina stakabadhi, 211 ina, 212 ina, 213 ina, 214 safu ni tupu. Sasa swali ni moja na lina majibu matatu tu: familia imesamehewa, inadaiwa, au fedha imepokelewa na haikufika benki. Kila jibu lina karatasi yake. Kazi yote ni ya nusu saa, na anayeweza kusoma na kujumlisha anaweza kuifanya.

Ifanye kila mwezi, ukiwa na mtu ambaye si mweka hazina. Mara moja kwa mwaka, watu wawili wasio wajumbe wa kamati watembee makaburini na ramani mkononi, wahesabu makaburi mapya, kisha walinganishe na daftari. Kaburi lililopo ardhini lakini halimo daftarini ni jambo la kujibiwa kabla ya mkutano mkuu.

7. Fedha ya kudumu iwekwe mahali pa kudumu

Fedha ya mfuko ikikaa kwenye akaunti ya kawaida kwa miaka 12 itakuwa imeliwa na mfumuko wa bei. Isikopeshwe kwa wanachama, hata kwa riba nzuri, hata kwa mwezi mmoja. Isinunulie bodaboda wala kufungulia duka. Mfuko wa wafu hauna wa kuudai pindi biashara inapoharibika.

Tanzania kuna njia mbili ambazo jumuiya ndogo inazimudu. Ya kwanza ni hatifungani za serikali zinazouzwa kupitia Benki Kuu. Mtu anaweza kuanza na shilingi milioni moja, na riba hulipwa kila miezi sita. Ya pili ni vipande vya mifuko ya uwekezaji wa pamoja, kama ile ya UTT AMIS, ambayo huhitaji kiasi kidogo zaidi na ni rahisi kuongeza kila mwezi. Jumuiya za Kiislamu, ambazo hazipokei riba, hufuata desturi ya wakfu yenyewe: kununua chumba cha duka au nyumba ya kupangisha, na kodi yake ikatunza makaburi. Nyumba nayo ina gharama, kodi na matengenezo, kwa hiyo hesabuni kinachobaki baada ya kulipia hayo.

Uamuzi wa kuwekeza upitishwe na wadhamini kwa muhtasari uliosainiwa. Vyeti vyote viwe kwa jina la bodi.

8. Amueni mapema yale yanayogombanisha

Ugomvi mwingi wa makaburini hutokea kwa sababu kanuni inatafutwa wakati jeneza limeshafika. Kaeni siku ya amani mjibu kwa maandishi: mgeni asiye mwanachama anazikwa kwa utaratibu gani na kwa mchango upi? Mwanachama aliyeacha kuchangia miaka mitatu anahesabiwaje? Aliyefariki mbali, mwili ukaletwa, nani anathibitisha uanachama wake? Kibali cha mazishi kisipokuwepo, nani ana mamlaka ya kusema subirini? Kaburi la zamani laweza kutumiwa tena, na baada ya miaka mingapi? Hili la mwisho waulizeni masheikh au wachungaji wenu na halmashauri kabla ya kuligusa, na familia zishirikishwe.

Majibu yakishapitishwa na mkutano mkuu, yabandikwe ubaoni. Mjumbe aliye getini saa ya msiba hana haja ya kubishana, anaonyesha karatasi.

9. Tangazeni hesabu bila kuombwa

Kila robo mwaka, bandikeni karatasi moja yenye mistari michache: salio la mwanzo, kilichoingia, kilichotoka, salio la mwisho, idadi ya maziko, waliosamehewa (idadi tu, bila majina), nafasi zilizobaki, na thamani ya mfuko wa kudumu ikilinganishwa na lengo. Isomwe msikitini, kanisani au kwenye mkutano wa mtaa. Mwananchi akiona mfuko umefika milioni 14 kati ya 90, ataelewa kwa nini mchango haukupunguzwa.

Mkutano mkuu wa mwaka uwe na ajenda zilezile kila mara: kusoma muhtasari uliopita, taarifa ya kamati, hesabu, taarifa ya wakaguzi, viwango vya mwaka ujao, uchaguzi kama muda umefika. Viwango vitazamwe upya kila mwaka kwa sababu mshahara wa mlinzi hautabaki 200,000.

10. Kama mmekwishachelewa

Yapo makaburi ambayo yamejaa na mfuko haupo. Hata hapo kuna njia, ingawa ni ndefu. Anzeni na ramani na daftari: tembeeni kaburi kwa kaburi na wazee wanaokumbuka, andikeni majina yaliyopo, iiteni kila familia mnayoifahamu. Familia 200 zilizopatikana, kila moja ikitoa 12,000 kwa mwaka, zinaleta 2,400,000, na mlinzi amepata mshahara. Wekeni siku moja ya usafi wa pamoja kila robo mwaka ili kupunguza gharama ya vibarua. Ombeni wasia: wapo watu ambao wangeacha sehemu ya mali yao kwa ajili ya mahali walipolala wazazi wao, ila hawajaombwa. Na kama nguvu imewaishia kabisa, zungumzeni na halmashauri mapema, mkiwa na hati na daftari mkononi, badala ya kuacha eneo livamiwe.

Ndugu mjumbe, usingoje msiba mwingine. Mwezi huu fanya mambo manne: soma hati ya ardhi uone ina jina la nani, hesabu nafasi zilizobaki, linganisha daftari na taarifa ya benki, na itisha kikao cha kutenga mfuko wa kudumu, hata kama utaanza na kaburi moja. Marehemu hawawezi kuitisha mkutano wala kudai hesabu. Wamekuachia wewe uwadaie.